Jumamosi: funksheni moja, majibu mawili

Habari za jioni wadau. Watatu mmenifuata faragha na swali lile lile: kwenye lugha ya programu ya C, funksheni moja itarudishaje majibu mawili, mfano saa na dakika? Nalijibu hapa.

Mnaandika `return saa, dakika;` halafu mnashangaa dakika 130 zinarudi 10 tu, badala ya saa 2 na dakika 10. Kompaila (programu inayotafsiri kodi yako kwa mashine) haikatai, ndiyo ubaya wake. Ile koma inakokotoa cha kushoto, inakitupa, kisha inarudisha cha kulia. Funksheni ya C inarudisha thamani moja, basi.

Njia ya kwanza ni kuipa funksheni anwani (mahali kwenye kumbukumbu ya kompyuta) za kuwekea majibu:

`void gawa(int jumla, int *saa, int *dakika)`

Ndani andika `*saa = jumla / 60; *dakika = jumla % 60;` na uiite `gawa(130, &s, &d);`. Ile & ya `scanf` (funksheni ya kusoma anachoandika mtumiaji) mnayoikariri kila siku kazi yake ndiyo hiyo: kutoa anwani.

Mimi napenda zaidi `struct` (kifurushi cha thamani kadhaa) yenye vyumba viwili, irudi nzima. Kwa C hiyo ni thamani moja. Hata `div(130, 60)` ya `stdlib.h`, maktaba ya kawaida ya C, inarudisha struct iitwayo `div_t`: `quot` (jibu la kugawa) ni 2, `rem` (baki) ni 10.

Ila asije mtu kurudisha anwani ya safu (array) ya kawaida iliyozaliwa ndani ya funksheni. Funksheni ikiisha, pale si pako tena. Nilishapoteza jioni nzima kwa hilo, na kwenye laptop yangu ilijifanya inafanya kazi!

Tunaonana Moshi Jumamosi saa nne asubuhi, pale pale. Wa Arusha wahini Coaster za mapema. Laptop zije na chaji. Ndizi naleta mimi, chai tuchangie.