Barua ya kufunga muhula wa pili kwa wazazi na walezi

Ndugu mzazi/mlezi,

YAH: KUFUNGA SHULE, MATOKEO YA DARASA LA SABA, NA WATOTO WETU WANANE

Shule tunaifunga leo saa sita mchana. Ripoti ya mtoto wako imo ndani ya bahasha hii pamoja na tarehe ya kufungua mwezi Januari.

Darasa la saba wametuvusha. Wawili tu ndio hawakufaulu, na Kiingereza, somo lililokuwa likituangusha kila mwaka, safari hii halikumwangusha mtu. Mwalimu wao alikuwa akibaki nao mpaka jua linazama, na yule mama muuza mihogo wa pale langoni hakuwaacha wasome na njaa. Asante mama. Netiboli wamerudi na kombe la kata. Choo cha wasichana kimeezekwa. Mwaka mwingine mambo haya ningeyajazia ukurasa mzima, lakini mwaka huu ukurasa una wenyewe.

Mnajua wote kilichotokea ile Jumanne kule machimbo ya zamani ya chokaa. Watoto wetu wanane, mkubwa wa darasa la sita na mdogo wa darasa la tatu, waliingia pangoni kukwepa mvua, maji yakaziba njia ya kutokea, na hawakutoka mpaka saa kumi usiku. Walitoka wote, wazima, na ninataka mjue kwa nini, maana nasikia wengi wenu mkisema ni bahati tu. Ni Mungu, sikatai. Lakini pia ni somo la Sayansi na Teknolojia.

Muhula wa kwanza, darasa la sita walisoma habari za Thailand. Tarehe 23 Juni 2018 vijana 12 wa timu ya mpira, wenye miaka 11 hadi 16, waliingia na kocha wao msaidizi wa miaka 25 kwenye pango la Tham Luang, mkoa wa Chiang Rai, baada ya mazoezi. Mvua ikanyesha, maji yakawafungia njia nyuma yao. Wapiga mbizi wawili kutoka Uingereza ndio waliowakuta, usiku wa tarehe 2 Julai, wamejikusanya kwenye mwinuko kiasi cha kilomita nne kutoka mlangoni. Muda wote huo walikaa pamoja, wakanywa maji yanayochuruzika ukutani badala ya yale machafu ya chini, na kocha akawafundisha kutulia na kuvuta pumzi polepole. Walitolewa kwa siku tatu, tarehe 8 hadi 10 Julai: wanne, wanne, kisha watano.

Binti yetu wa darasa la sita aliyakumbuka hayo gizani. Aliwapandisha wenzake kwenye jiwe la juu, akakataza mtu kujaribu kuyavuka maji, akamweka mdogo wao katikati. Hawakuwa na tochi. Kwa hiyo wakawa wanahesabiana: moja, mbili, tatu, mpaka nane. Sauti moja ikikosekana wanaanza upya, na aliyesinzia anaamshwa. Watu wa machimbo walipofika kwenye uwazi wa pango, kitu cha kwanza walichosikia ni watoto wakihesabu. Nimefundisha miaka ishirini na sita. Sijapata kuona somo likishika namna hiyo, na sidhani kama kuna mtihani wa kulipima. Wazazi wa binti huyo, shikeni kichwa juu.

Sasa niseme yasiyonifurahisha.

La kwanza ni ile video. Mmoja wetu, mtu mzima mwenye watoto, alisimama mdomoni mwa pango na simu yake, akawamulika watoto usoni wakati wanatolewa. Yule mdogo wa darasa la tatu analia, suruali yake imelowa, na si kwa maji ya mvua. Asubuhi video iko kwenye makundi yote ya WhatsApp ya kata. Kufika Ijumaa ndugu yangu aliye Mwanza ananiuliza, "Hii si shule yako?" Mtoto yule sasa ana jina la utani, na jina hilo limetoka kwenye simu za wazazi kabla halijafika midomoni mwa watoto. Nimelisikia kwa masikio yangu likitamkwa na mama mmoja kwenye foleni ya ripoti. Naomba kila mwenye video hiyo aifute leo, kabla hajamaliza kusoma barua hii. Na kwenye kundi la darasa, atakayeituma tena nitamtoa mwenyewe.

Thailand dunia nzima ilikuwa imepiga kambi nje ya pango. Wale vijana walikwenda moja kwa moja hospitali, na mwanzoni hata wazazi wao waliwaona kupitia kioo. Walipozungumza na waandishi wa habari tarehe 18 Julai, maswali yalikuwa yamepitiwa kwanza na wataalamu wa saikolojia, kisha waandishi wakaombwa wawaache warudi kwao wakaishi. Sisi hatuna kioo wala wataalamu wa kupitia maswali. Tuna nyinyi, na watoto hawa wameulizwa na kila mtu: msibani, harusini, kwenye bodaboda, kisimani. Kuna mtoto aliyeamshwa usiku awasimulie wageni waliotoka Muheza. Kila anaposimulia, anarudi kule ndani peke yake, nanyi mmekaa sebuleni mnakunywa chai.

Mwalimu wetu wa malezi na unasihi, pamoja na afisa ustawi wa jamii wa kata, wametuelekeza hivi: mtoto akitaka kusema, acha unachofanya umsikilize mpaka amalize. Asipotaka, usimchimbe. Mrudishie ratiba yake ya kawaida: kula, kusoma, kucheza, kulala saa ileile. Akikojoa kitandani, badilisha shuka, usitangaze. Hofu ikizidi wiki baada ya wiki, njoo shuleni, au piga 116, namba ya huduma kwa mtoto.

Nawaambia tunayoyaona sisi, ili msije mkasema ni deko. Wiki iliyofuata mvua ilipiga tena, na mnajua bati letu linavyounguruma. Nilikuwa napita nje ya darasa la nne. Watoto watatu walikuwa chini ya madawati, kimya kabisa, mmoja ameziba masikio kwa daftari. Mwalimu hakugomba. Alifungua mlango na madirisha yote, mvua ikaingia mpaka mstari wa mbele, akakaa sakafuni karibu nao akaendelea kusoma hadithi mpaka mvua ikapungua. Mwingine haingii stoo kuchukua ufagio, na mama yake ameniambia analala na viatu. Yupo pia mvulana anayezunguka kila mapumziko akiwatafuta wale saba. Akiwapata anawagusa bega na kuhesabu, akifika nane ndipo anapokwenda kucheza. Watoto walianza kumcheka. Sasa mwalimu wake amempa daftari la mahudhurio, yeye ndiye anayeita majina ya darasa zima asubuhi, na kicheko kimekwisha.

La pili ni fimbo. Wazazi kadhaa mlinifuata ofisini mkitaka wale wanane wachapwe mstarini, "liwe fundisho". Wengine mmetaka mvulana aliyetangulia kuingia ahamishwe shule. Uamuzi wa fimbo ni wangu, na jibu langu ni hapana. Mvulana huyo nimeongea naye. Hataki kula shuleni, kwa sababu amesikia kwa majirani kwamba yeye ndiye aliyetaka kuua watoto wa watu. Ana miaka kumi na mmoja. Akiwa bado ndani ya Tham Luang, yule kocha aliwaandikia wazazi barua ya kuomba radhi. Watoto wao walikuwa bado chini ya ardhi, hakuna aliyejua kama watatoka, na wazazi wakamwandikia kwamba asijilaumu. Mimi niliwasomea darasa la sita habari hiyo muhula wa kwanza kama habari ya watu wa mbali. Naomba mwenye moyo wa namna hiyo aanzie kwa mama wa mvulana huyu, ambaye tangu siku ile anachota maji usiku ili asikutane nanyi.

La tatu nalisema kwa heshima. Pango lile lina historia yake na wazee wana mila zao, sikuja kuzivunja. Shehe na padri wote walikuja wakatuombea dua, tukashukuru. Lakini kumwambia mtoto kwamba mzimu wa pango umewaachilia kwa mkopo na utadai mmoja wao, huko ni kumrudisha pangoni na kufunga mlango. Nimeshajua ni nani aliyelisema. Naomba aje kwangu tuzungumze.

Sasa nije kwenye wajibu, na nianze na mimi. Siku ile nilitoa ruhusa watoto waende kula nyumbani saa sita, kwa kuwa jiko la shule halikuwaka. Saa tisa mwalimu wa zamu aliona majina manane hayakuitika, akadhani mvua imewazuia makwao. Nami nikadhani hivyohivyo, nikatia saini daftari. Nyinyi mkadhani wako shuleni. Mpaka saa moja usiku kila mtu alikuwa anadhani. Saa nne zote hizo ni zangu kabla ya kuwa za mtu mwingine yeyote, na nimeiandikia kamati ya shule hivyo. Kuanzia Januari, mtoto asiyerudi mchana mzazi atapigiwa simu kabla ya kipindi cha kwanza cha alasiri. Wenye namba zilizokufa leteni mpya.

Lakini kwa nini jiko halikuwaka? Kwa sababu stoo ilikuwa tupu. Kikao cha wazazi cha mwezi Februari kilikubaliana debe moja la mahindi na kilo tano za maharage kwa kila mtoto kwa muhula. Mlinyoosha mikono wenyewe, muhtasari ninao. Muhula huu zaidi ya nusu hawajaleta hata punje. Nimetuma ujumbe, nimetuma watoto, nimekwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji. Wapo wasio nacho kweli, hao tunawajua na tumeshawasamehe. Siwasemi hao. Namsema aliyevuna, akauza, akaezeka banda la pikipiki, na mtoto wake akala makande ya watoto wa wenzake mpaka yakaisha. Wale wanane makwao ni mbali. Hawakwenda nyumbani, walikwenda machimboni kuokota embe, kwa sababu walikuwa na njaa. Kisha mvua ikaja. Nikisikia mtu anauliza "nani aliwapeleka watoto pangoni", namwomba kwanza aniambie mahindi yake yako wapi. Mlango wa Tham Luang ulikuwa na kibao cha kuwaonya watu juu ya mafuriko. Sisi machimbo yameachwa wazi miaka yote, tunapita tukiyaangalia. Kibao tumekiweka wiki iliyopita kwa mbao za dawati bovu, ila uzio bado. Serikali ya kijiji imeahidi, nami nitaendelea kuikumbusha.

Mwisho ni kijana wetu wa machimbo, baba wa mtoto wa darasa la kwanza. Aliteleza akiwa amembeba mtoto wa saba, akamnyanyua juu ili asigonge mwamba, na mguu wake ukavunjika mara mbili. Amefungwa hogo, hafanyi kazi, na chokaa haijipondi. Watoto wanajua. Mmoja ameniuliza, "Mwalimu, mguu ule ni kosa letu?"

Thailand alikufa mtu: Saman Kunan, aliyewahi kuwa askari wa majini, tarehe 6 Julai, akirudi kutoka kupeleka mitungi ya hewa. Vijana hawakuambiwa mpaka walipopata nguvu. Walipoambiwa walilia, wakaandika maneno ya kumshukuru kwenye picha yake iliyochorwa, na baadaye 11 kati yao wakaingia utawa wa Kibudha kwa muda kwa heshima yake. Wa kumi na mbili alikuwa Mkristo. Hawakufichwa, na hawakubebeshwa. Wakulima wa kule mashamba yao yalizama kwa maji yaliyovutwa kutoka pangoni, na wapo waliokataa fidia.

Nami nilimjibu yule mtoto kwamba si kosa lao, ila ni jambo la kushukuru, na kushukuru kuna kazi zake. Wote wanane wamemwandikia barua. Watampa wenyewe siku ya kufungua shule, chini ya mwembe, bila simu ya mtu yeyote. Siku hiyo kila mzazi aje na debe lake la deni la muhula huu. La muhula ujao liletwe kabla ya mwisho wa Januari. Mwenye nafasi aongeze kisado kimoja cha nyumba ya kijana huyo. Mwalimu wa chakula atakuwa mlangoni na daftari kuanzia saa moja asubuhi.

Sare zifuliwe, nywele zikatwe, na viatu vya kandambili visije.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu Mkuu