Minara ya mashujaa Ufaransa: kabla ya matembezi ya tarehe 11 Novemba

Ndugu wanakikundi, kabla ya matembezi yetu naomba tufahamu kwamba minara ya kuwakumbuka askari waliokufa katika Vita vya Kwanza vya Dunia, vilivyokoma tarehe 11 Novemba 1918, mtakayoiona karibu kila kijiji cha Ufaransa, ilijengwa hasa miaka ya 1920, baada ya sheria ya Oktoba 1919 kuahidi ruzuku ya serikali, ingawa sehemu kubwa ya fedha ilitoka kwa halmashauri na michango ya wanakijiji wenyewe. Katika orodha ya waliokufa iliyoandikwa kwenye mnara, someni kwa makini majina ya ukoo yanayojirudia, kwani mara nyingi ni ndugu wa familia moja. Mnara wa Gentioux, kijiji cha Ufaransa ya kati, ambao unanigusa kuliko yote, una sanamu ya mtoto yatima anayeyanyooshea ngumi maneno “Vita na vilaaniwe”. Tafadhali tuvue kofia, wala tusiguse mashada ya maua.