Mbunge akija kambini, afike na vijijini

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niseme jambo ambalo sisi watu wa Lamu tunaliongea sana barazani lakini silioni likiandikwa, nalo ni hizi ziara za wabunge kwa wanajeshi. Mheshimiwa anashuka na helikopta kambini, anapokewa na maafisa wa KDF, yaani jeshi letu la Kenya, anaelezwa hali ya usalama, anapiga picha na askari, jioni anapanda tena anarudi Nairobi. Sipingi ziara hizo ata kidogo. Vijana wanaolinda mpaka wa Somalia kule Kiunga na Ishakani wanastahili kuonwa uso kwa uso na watu wanaowapitishia bajeti. Shida yangu ni kwamba mbunge anapita juu ya vijiji vya Mangai na Mararani bila kukanyaga chini, halafu anasema ameona hali ya msitu wa Boni.

Hali ya Boni haiko kambini peke yake jamani. Operesheni ya Linda Boni, ya kuwasaka Al-Shabaab msituni, ilianza Septemba 2015, mwaka mmoja na kitu baada ya yale mauaji ya Mpeketoni ya Juni 2014 yaliyochukua roho zaidi ya 60, na tukaambiwa itakuwa ya siku 90. Miaka imepita, jina likabadilika ikawa Amani Boni, na mpaka leo ndugu zetu Waaweer wa Basuba, Milimani, Mangai, Mararani na Kiangwe msitu wao hawawezi kuuingia kama zamani. Hawa ni watu wa asali na dawa za miti, maisha yao yote yalikuwa mle ndani, saa hii mzee akiingia kutafuta mzinga askari anaweza kumdhania ni Al-Shabaab, na hao Al-Shabaab nao wakimkuta wanasema ametumwa na jeshi, sasa mtu kama huyo aende wapi. Shule zao zilifungwa walimu wakaondoka kwa kuogopa kuuawa, na barabara ya kutoka Hindi kupitia Bodhei hadi huko ilitegwa mabomu ambayo yameua askari na yameua raia pia. Na wavuvi wetu walikatazwa bahari ya usiku kwa miaka kwa sababu hiyo hiyo ya usalama, na mvuvi wa Lamu ukimnyima usiku umemnyima riziki.

Nisiwadhulumu wanajeshi. Jeshi limewatibia watu wa vijiji hivyo mahali ambapo zahanati ilikuwa imefungwa, limewapelekea na maji. Ndo maana nasema mbunge asikilize pande zote mbili katika wiki moja, sio leo jeshi na mwaka kesho wananchi. Akisikia kijijini kwamba watoto hawana mwalimu, kesho yake amuulize kamanda ni kitu gani kinahitajika ili mwalimu akae pale bila hofu. Akiambiwa kambini kwamba wananchi hawatoi habari za wageni wanaopita, arudi kijijini aulize kwa nini, atajibiwa, watu watamwambia wanaogopa nini na nani. Afisa peke yake hawezi kumpa jibu hilo, na mzee wa kijiji naye hawezi kulifikisha Nairobi.

Wiki yenyewe ipo. Bunge la Taifa linakaa Jumanne mchana, Jumatano asubuhi na mchana, na Alhamisi mchana, alafu kuna zile likizo ndefu ambazo mbunge anatakiwa awe na watu wake. Likizo moja tu, siku mbili kambini na siku zinazobaki vijijini, alale huko, aende Kiunga kwa boti kama tunavyokwenda sisi, aone bei ya mafuta ya hiyo safari na mama mjamzito anayesafirishwa hivyo hivyo.

Na kuna jingine wabunge wengi wanalisahau. Askari naye ni mtoto wa mpiga kura. Yule kijana aliyeko Boni au aliyepelekwa Somalia, ambako KDF iliingia Oktoba 2011, ana mama yake Kitui au Bungoma au Kericho. Mbunge akienda kambini awatafute vijana wa kwao, awaulize wanaendeleaje, akirudi apite kwa wazazi. Kambi ya KDF ya El Adde, Somalia, ilishambuliwa tarehe 15 Januari 2016 na serikali haikutoa hesabu kamili ya waliokufa, na familia zilizopoteza vijana zinaishi kwenye maeneo bunge ya watu hawa hawa wanaokaa kwenye kamati ya ulinzi. Kuwatembelea wazazi hao nako ni kutembelea jeshi.

Kwa Katiba yetu, ibara ya 241, jeshi haliwezi kupelekwa kutuliza fujo ndani ya nchi bila idhini ya Bunge la Taifa. Wabunge waliitoa idhini hiyo Februari 2023 kwa Bonde la Ufa kaskazini, wakaitoa tena Juni 2024 wakati wa maandamano ya vijana. Mtu anayepiga kura ya kupeleka wanajeshi katikati ya raia lazima awe ameshakaa na raia ambao wameishi na wanajeshi mlangoni, na sisi Lamu tumeishi hivyo miaka mingi, tunajua mazuri yake na tunajua machungu yake, hakuna ripoti itakayomwambia zaidi ya tunavyoweza kumwambia sisi.

Kwa hivyo naiomba kamati ya ulinzi, ziara ijayo ya Lamu itangazwe mapema kupitia machifu na redio za hapa ili watu wajipange, mikutano ifanyike bila maafisa kusimama nyuma ya wazee wanaozungumza, na ripoti itakayowekwa mezani Bungeni itaje vijiji vilivyofikiwa na waliyoyasema, sio kambi peke yake. Swali la kwanza ambalo watu wa Basuba watauliza ni lini watoto wao watasoma mpaka darasa la mwisho bila kuhamishwa kwao.

Mkaazi wa Faza,
Lamu