Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Dodoma: tufundisheni kubeba majeruhi

Daktari wetu, shikamoo, na pole na majukumu.

Mimi ni kuli hapa sokoni Kibaigwa, nabeba mahindi. Naandika kwa ajili ya mdogo wangu maana nikikaa kimya yatampata na mwingine. Alianguka toka juu ya lori, akawa amelala chali anasema shingo inauma, sisi wanne tuliokuwa karibu tukamnyanyua kama gunia, wawili mikono wawili miguu, kichwa kinaning'inia, tukijua ndo tunamuokoa. Gari la wagonjwa lilivyokuja dereva yuko peke yake, machela haina hata mkanda mmoja, basi njia nzima kwenda mjini mimi nimepiga magoti nimemkumbatia kiunoni, na barabara ile matuta unayajua, kila tuta anateleza anapiga kelele.

Nesi aliyetupokea ndo alituonyesha. Mmoja anakaa kichwani, anakishika kwa mikono miwili kisigeuke, wengine watatu wanashika bega, nyonga na miguu, na yule wa kichwani ndo anayehesabu, moja mbili tatu, mnamgeuza kwa pamoja kama gogo, ubao unaingia mgongoni, mnamrudisha taratibu. Yani ni hivyo tu, na sisi tunaoshinda tunabeba hatujawahi kuambiwa.

Mdogo wangu anatembea, namshukuru Mungu, ila vidole vya mkono wa kushoto havina nguvu mpaka leo na hakuna anayeweza kuniambia kama ni kule kuanguka au ni sisi. Hilo linaninyima usingizi.

Kwa wajawazito ipo namba ya bure 115 ya m-mama, na gari la wagonjwa likikosekana wanaitwa hata madereva wa kawaida wa mtaani, kwa hiyo raia tukielekezwa tunaweza. Naomba na huku kwenye ajali iwe hivyo. Machela ziwe na mikanda, gari lisitoke bila mhudumu wa kukaa nyuma na mgonjwa hata kama ni usiku wa manane, na kule anakopelekwa wapigiwe simu mapema wajiandae. Alafu tuletee mwalimu siku moja tu, Jumapili mchana, makuli tupo na bodaboda wapo, ubao tutamchongesha fundi wetu wenyewe, tupeni vipimo tu.