Aliyeamrisha seli ifunguliwe angeweka sahihi kwa kitabu cha OB

Kwa Mhariri,

Naona watu bado wanasambaza hiyo video ya mkubwa wa serikali akiingia kituo cha polisi huku kwetu Eastlands Jumamosi jioni na kuamrisha vijana watolewe seli, na kila mtu anamsifu, ati huyo ndiye kiongozi, huyo ana roho ya watu, halafu yule konstebo wa dawati anatukanwa mpaka mamake anaingizwa. Mimi pia nina neno, kwa sababu kibanda changu kiko ng'ambo tu ya barabara, nauza chapo, madondo, mchele na chai, na wateja wangu nusu ni makarao na nusu ni watu wamekuja kutafuta mtu wao. Haya mambo siyaoni kwa simu, nayaona laivu.

Wale vijana walishikwa Ijumaa usiku. Kamatakamata ya Ijumaa kila mtu wa Nairobi anaijua, Mariamu, lile gari la polisi la kubeba watu, inapita steji inaokota wenye wamesimama, wenye wanatoka kazi, wenye wamekaa tu besi wakipiga stori, ukiuliza kosa ni gani unaambiwa utajua mbele. Na ni Ijumaa kwa sababu Katiba kifungu cha 49 inasema ufikishwe kortini kabla masaa 24 kuisha, lakini yakiisha wakati korti imefungwa basi unangoja siku ya korti inayofuata, kwa hivyo ukishikwa Ijumaa jioni hakimu utamuona Jumatatu. Hapo katikati kuna wikendi nzima ya biashara. Nani anafanya hiyo biashara sisemi, mimi nauza chapo.

Jumamosi asubuhi wazazi wakaanza kufika. Ukitaka kumpelekea mtu chakula pale ndani lazima uonje mwenyewe kwanza mbele ya afande, ndio wajue hujaweka kitu, na kuna mama mmoja alionja madondo yangu akitafuna huku machozi yanamtoka, konstebo akamwambia pole mathe, chakula kitaingia lakini kijana hatoki, nimeambiwa hakuna bond mpaka Jumatatu. Akamwambia na anayefuata vile vile, na anayefuata. Hakuwa mkali, alikuwa anaongea kama mtu amekariri. Chini ya dawati kulikuwa na karai imejaa mikanda na kamba za viatu za watoto wa watu, na juu ya kichwa chake, ukutani, kuna bango limeandikwa dhamana ya polisi, yaani hiyo bond, ni bure.

Sasa hiyo "hakuna bond wikendi" imetoka wapi? Si sheria. Mimi si wakili lakini mwezi wa Juni 2024, ile wakati ya maandamano ya vijana, mawakili walikuwa wanazunguka vituo usiku kutafuta wenye wameshikwa, aliyekuwa rais wa chama chao cha LSK wakati huo, Faith Odhiambo, akiwa mbele, na wengine walikula kwangu, na mmoja akanisomea kifungu cha 36 cha sheria ya taratibu za kesi za jinai, ile sura ya 75, nikamwambia rudia. Inasema mkuu wa kituo akiona hawezi kumfikisha mtu kortini ndani ya masaa 24, na kosa si kubwa, na si mauaji wala uhaini wala wizi wa mabavu, basi anapaswa kumwachilia kwa bond. Anapaswa, si akipenda. Yaani wikendi ndiyo hasa wakati wa kutoa bond! Na hiyo 49 inasema pia kama kosa lenyewe adhabu yake ni faini tu, ama jela isiyozidi miezi 6, mtu hafai kuwekwa rumande kabisa. Kuzurura, kusimama steji, hayo ndiyo makosa tunaongelea hapa jamani.

Kwa hivyo hiyo amri ilikuwa mbaya, na konstebo aliifuata, hapo siwezi kumtetea. Lakini ngoja.

Mkubwa alifika na magari matatu, kelele, watu wa simu wakiwa wameshatangulia kusimama mahali pazuri, sijui nani aliwaita. Akauliza vijana wako wapi, toa. Konstebo akaeleza ya bond, mkubwa akasema hiyo upuzi yenu nimesikia, fungua. Ndio huyo konstebo akasema, na hii sehemu kwa video imekatwa, "Mheshimiwa nafungua, lakini naomba tuandike kwa OB, hata jina lako na saa peke yake." Akaulizwa unajua unaongea na nani? Watu wakashangilia. Akafungua.

Siku hiyo konstebo alifanya kitu kibaya mchana kutwa, kukatalia watu bond, na hakuna mtu wa simu alikuja kumrekodi. Jioni akafanya kitu kimoja sawa, kuomba iandikwe, na ndiyo anatukanwa nayo nchi nzima.

Mtaniambia OB, kile kitabu cha kituo cha kuandika kila tukio, ni karatasi tu. Mnakumbuka kituo cha polisi cha Gigiri Agosti 2024? Watu 13 walitoroka seli usiku, mmoja wao ni yule mshukiwa wa mauaji ya wanawake kule Kware, na mara moja maafisa 8 wakasimamishwa kazi. Seli ikipatikana haina mtu na kitabu hakisemi ametoka vipi, anayeulizwa ni mwenye alikuwa zamu, mkubwa ashaenda kulala. Na hao vijana wenyewe je, leo kesho wakikutana na karao mwingine mwenye hesabu yake haijatimia, OB inasema waliingia, haisemi walitoka, si wataambiwa walitoroka?

Kitu ingine haikuonekana kwa video. Mkubwa alikuja na majina. Kwa karatasi, kutoka kwa mtu wake wa mtaa. Waliosomwa wakatoka, mama zao wakapiga vigelegele, picha zikapigwa. Lakini kuna kijana wa mkokoteni, huwa anatuletea maji ya mitungi hapa vibandani, alishikwa usiku ule ule na Mariamu ile ile, wala hakuna mtu wake hapa Nairobi anajua ofisi ya chama iko wapi. Akabaki. Wengine pia walibaki. Jumatatu alipotoka alikuja kunywa chai, nikamuuliza aliona aje wenzake wakienda, akacheka, akasema angalau walipotoka alipata nafasi ya kunyoosha miguu.

Sasa huyo mkubwa aliachilia nani? Kama alikuwa ameona vijana wamefungwa bila haki angesema wenye makosa madogo wote wapewe bond, kila mmoja aandikwe, na OCS, mkuu wa kituo, aitwe atoke kwake aje aeleze hiyo amri ya wikendi ni yake ama ya nani. Mawakili wa 2024 walikuwa wanafanya hivyo, nimewaona, wanasimama dawati wanataka jina, saa, kosa, mmoja mmoja, mpaka wa mwisho, hata wenye hawawajui, na inachosha na haipendezi kwa video. Mkubwa alikuja kuchukua watu wake. Simu kama yake ndiyo huwa inapigwa pia kusema fulani asitoke, mweke kwanza, na yenyewe haiandikwi popote. Katiba kifungu cha 245 imekataza mtu yeyote kumwelekeza hata Inspekta Jenerali ni nani ashikwe na nani aachwe, na waziri mwenyewe akitoa maelekezo ya sera ni lazima yawe kwa maandishi. Kwa maandishi! Na hapa konstebo wa dawati aliomba jina na saa tu akaonekana mjeuri.

Tangu wiki ile sijamuona dawati, saa hii wamemweka geti, anafungulia magari. Na vile naandika hii ni Ijumaa tena, Mariamu imetoka saa moja hivi na haijarudi, na mimi nimekanda unga mwingi kuliko kawaida kwa sababu najua kesho asubuhi nitakuwa na wateja.

Mhariri, badala ya kurudia hiyo video, tuma ripota aje aombe kuona OB ya Jumamosi ile, na akitoka hapo amuulize OCS bond ya wikendi ilikatazwa na nani na iliandikwa wapi. Akuje kabla ya saa tano ndio apate chapo zikiwa moto. Na yule konstebo wa geti kama anasoma, kaka, pole kwa hayo matusi, lakini ile deni yako ya madondo iko kwa kitabu changu na imeandikwa tarehe.

Ni mimi mama wa kibanda,
Eastlands, Nairobi