Anayekwenda Wieliczka aambiwe pia habari ya ngazi, milango na maji

Ndugu Mhariri,

Kurasa za safari zikiutaja mgodi wa chumvi wa Wieliczka, kusini mwa Poland, picha huwa ni ileile: kikanisa cha Mtakatifu Kinga kinachong'aa chini ya taa zilizopambwa kwa fuwele za chumvi. Picha hiyo haidanganyi. Lakini msomaji anayekata tiketi kwa ajili yake hajaambiwa kwamba atashuka vipandio 380 kabla hajaona chumba hata kimoja, kwamba hataruhusiwa kutembea bila mwongozaji, na kwamba kila baada ya muda atasimamishwa mbele ya mlango mpaka ule wa nyuma yake ufungwe. Wageni wengi hutoka wakiyalalamikia mambo hayo kana kwamba ni usumbufu wa wenye mgodi. Naomba nafasi niyaeleze, maana karibu yote yanatokana na maji na hewa.

Tuanze na chumvi yenyewe. Iliachwa na bahari ya kale takriban miaka milioni 13 iliyopita. Milima ya Carpathian iliposukumwa kuelekea kaskazini, tabaka zake zilikunjamana na kukatika. Kwa chini zilibaki tabaka, kwa juu yakabaki mabonge makubwa ya chumvi yaliyozama ndani ya udongo wa mfinyanzi. Wachimbaji waliyafuata mabonge hayo na kuyakata hadi yalipokutana na udongo. Kwa hiyo vyumba vingi anavyopitishwa mgeni havikuchongwa kwa ramani. Chumba ni nafasi ya bonge lililoondolewa, na ndiyo sababu kimoja ni kirefu kama mnara na kingine kimelala kama pango. Tazama ukuta kabla hujaitazama sanamu iliyo mbele yake: panapometameta kijivu au kijani kilichofifia ni chumvi iliyobakizwa, pasipong'aa ni udongo. Anayetarajia kuta nyeupe kama chumvi ya mezani atadhani amedanganywa. Rangi ya kijivu inatokana na chembe za udongo zilizofungwa ndani ya fuwele.

Sasa maji. Lita moja ya maji baridi huyeyusha takriban gramu 360 za chumvi kabla haijashiba. Kwa hesabu hiyo, lita sita za maji ya mvua zinatosha kumaliza bonge la chumvi lenye ujazo wa lita moja. Maji yakishashiba chumvi hayana madhara tena kwa mwamba, ndiyo maana maziwa ya chini ya ardhi utakayoonyeshwa yanaweza kukaa palepale miaka mingi bila kuila kingo zake. Hatari ni maji mapya yanayopenya kutoka juu. Mwaka 1992 maji yalifumuka kwa nguvu katika njia ya chini iitwayo Mina, yakisomba mchanga na udongo, na ardhi ya juu ikatitia hadi majengo yakapata nyufa. Uchimbaji wa chumvi ya mawe ulisitishwa mwaka 1996, bei ya chumvi ikiwa imeshuka na tishio la maji likiwa palepale. Hata leo maji ya chumvi yanayochuruzika mgodini hukusanywa, huvutwa juu na kuchemshwa yapate chumvi. Kazi hiyo haiwezi kusimama, la sivyo mgodi utafurika.

Maji mengine huingia yakiwa mvuke. Hewa yenye unyevu unaozidi takriban asilimia 75 humfanya mwenye kibakuli cha chumvi aone imelowa na kushikana. Ukutani hutokea vilevile: chumvi hunyonya mvuke, hulowa, halafu hudondoka tone kwa tone. Hewa ya joto ya kiangazi ikiingia kwenye njia zenye baridi, unyevu wake hugeuka matone ya maji kwenye kuta, na cha kwanza kufutika ni kile kilichochongwa kwa ustadi zaidi, yaani pua, vidole na mikunjo ya nguo za sanamu. Katika kikanisa kidogo cha Mtakatifu Antoni, cha karne ya 17, kilicho karibu na hewa ya nje, zipo sanamu ambazo sura zimelainika hadi huwezi kumtambua mtakatifu. Nawasihi wageni wasimame hapo badala ya kupita haraka, kwa sababu hakuna mahali pengine njiani panapoonyesha waziwazi vile hewa inavyoweza kuula mwamba.

Wieliczka ilikuwa miongoni mwa sehemu 12 za kwanza kabisa kuingizwa kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, mwaka 1978. Mwaka 1989 ikaingizwa pia kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, na sababu ilikuwa unyevu huo. Ilitolewa humo mwaka 1998, baada ya kuwekwa mitambo ya kukausha hewa. Kwa hiyo mwongozaji anapowazuia watu kati ya milango miwili, anatunza mpango wa hewa. Hewa husukumwa kwa feni kufuata njia maalumu, na milango yote miwili ikiwa wazi kwa pamoja upepo hukata njia fupi, unyevu ukaenda usikotakiwa. Kundi linalojivuta na kuachana hulazimisha mlango ukae wazi muda mrefu. Tembeeni mkiwa mmekaribiana.

Kuhusu kugusa, ukuta wa kawaida mwongozaji huweza kukuruhusu uuonje kwa ncha ya kidole, na kwa kweli ni chumvi. Sanamu usiiguse. Jasho la kiganja kimoja halitaonekana, lakini mgodi huu hupokea zaidi ya wageni milioni moja kwa mwaka.

Njia ya watalii huanzia kwenye shimo la kushukia liitwalo Daniłowicz. Ngazi ni za mbao, zimejengwa kuzunguka, vipandio saba saba kisha kona, na kona zote hupinda upande mmoja. Mapafu hayapati taabu, ila magoti na kichwa. Anayekimbia hufika chini akiwa na kizunguzungu, tena humsukuma aliye mbele. Shika reli ya ngazi, kaa upande wa nje, na usitazame pengo la katikati. Ukifika chini uko mita 64 kutoka juu ya ardhi, na safari haijaanza. Kuna ngazi nyingine mbele, na pamoja na zile za mwanzo jumla ni takriban vipandio 800, vingi vikiwa vya kushuka, hadi mita 135. Wenye matatizo ya magoti au wanaotumia kiti cha magurudumu wasikate tamaa: ipo njia iliyorahisishwa ambayo mtu hushuka kwa lifti, lakini lazima iombwe mapema wakati wa kununua tiketi. Kuiomba getini asubuhi ya safari ni kuchelewa.

Mgodi mzima una viwango tisa vya uchimbaji, umeshuka mita 327, na njia zake zikiunganishwa zinazidi kilomita 240. Mgeni huona sehemu ndogo mno ya hizo, vyumba ishirini na kitu. Ukijua hivyo hutashangaa kwa nini mwongozaji ni wa lazima. Sababu nyingine ni gesi ya methani iliyokuwa ikijikusanya darini. Zamani wachimbaji waliopewa kazi ya kuichoma walitambaa sakafuni wamevaa nguo zilizoloweshwa maji, wakinyanyua mwenge uliofungwa kwenye mti mrefu. Walitambaa kwa sababu methani ni nyepesi kuliko hewa, hupanda juu. Wao ndio utakaowaona wameonyeshwa kwa sanamu katika mojawapo ya vyumba.

Jambo ambalo makala nyingi hulipita ni mbao. Katika chumba cha Michałowice, chenye kimo cha mita 35, utaona magogo yamepangwa msalaba kwa msalaba kutoka sakafuni hadi darini kama jengo ndani ya jengo. Chumvi chini ya mgandamizo mkubwa haikai kama jiwe, hutambaa polepole, na chumba kikiachwa kitupu hujifunga kidogo kidogo. Magogo hupokea uzito huo na hulia kabla hayajavunjika, kwa hiyo wachimbaji walipata onyo. Chumvi nayo huyahifadhi yasioze, huku chuma kikiliwa na kutu. Magogo mengi yamepakwa chokaa nyeupe ili mwanga hafifu wa taa za zamani uongezeke. Vyumba vingi visivyo na thamani ya kihistoria hujazwa mchanga, ili mji ulio juu usititie. Kwangu mimi Michałowice ina mengi ya kumfundisha mtu kuliko kikanisa, na inasikitisha kuona wageni wakipita huku wameinamia simu.

Kikanisa chenyewe kiko mita 101 chini ya ardhi, kina urefu wa mita 54. Kazi ilianza mwaka 1896 na kuendelea karibu miaka 70, ikifanywa na wachimbaji watatu: ndugu wawili Józef na Tomasz Markowski, kisha Antoni Wyrodek. Hakuna aliyekuwa mchongaji aliyesomea. Sakafu inaonekana kama vigae, kumbe ni mwamba uleule uliochorwa mistari. Picha ya Karamu ya Mwisho, kazi ya Wyrodek, ina kina kidogo tu lakini ukiitazama kwa mbali chumba kinaonekana kuingia ndani ya ukuta. Isogelee pembeni, uone jinsi kilivyo chembamba. Mwongozaji hutoa dakika chache hapo, kwa hiyo ukitaka kupiga picha piga ya jumla ukiwa juu ya ngazi ya kuingilia, kisha weka simu chini uangalie kwa macho.

Baada ya hapo njia inapita kwenye maziwa ya chumvi na kumalizikia kwenye maduka na mgahawa. Hapo wengi hutafuta lifti, na hapo ndipo hupoteza nusu ya thamani ya tiketi. Makumbusho yaliyo kiwango cha tatu, mita 135, yamo kwenye tiketi hiyohiyo, lakini mtu asipomwambia mwongozaji kwamba anataka kuendelea huelekezwa kwenye foleni ya kutokea. Tenga karibu saa moja zaidi. Humo mna mitambo mikubwa ya mbao iliyozungushwa na farasi ili kupandisha mabonge ya chumvi, na bila kuiona huwezi kuelewa tani zote hizo zilitokaje. Mfalme Kazimierz Mkuu alitoa sheria za migodi hii mwaka 1368, na pato la chumvi lilifikia takriban theluthi moja ya hazina ya ufalme. 

Maandalizi hayahitaji mengi. Joto la njiani ni nyuzi 17 hadi 18 mwaka mzima, kwa hiyo koti jepesi latosha hata theluji ikiwa imeanguka nje, na wakati wa kiangazi mwenye fulana peke yake hutetemeka baada ya saa ya kwanza. Viatu viwe bapa na soli isiyoteleza. Begi kubwa liachwe kwenye makabati. Nenda msalani kabla ya kushuka. Vyoo viko njiani, ila mwongozaji ndiye anayeamua mahali pa kusimama. Ziara hutumia saa mbili hadi tatu, pamoja na makumbusho karibu nne. Anayetoka Kraków na kurudi ahesabu nusu siku nzima, na asiweke treni nyingine mara baada ya hapo, kwani foleni ya lifti haitabiriki.

Kutoka Kraków Główny, kituo kikuu cha Kraków, treni huenda hadi kituo cha Wieliczka Rynek-Kopalnia. Hapa kuna kosa linalorudiwa kila siku. Mgodi una milango miwili ya wageni. Njia ya watalii huanzia Daniłowicz. Njia ya wachimbaji, ambayo mgeni huvalishwa ovaroli, kofia ngumu na taa na kupewa kazi za kufanya, huanzia shimo la Regis katikati ya mji. Tiketi zake ni tofauti na haziwezi kubadilishana. Soma jina la shimo kwenye tiketi kabla ya kutoka kituoni, na ufike nusu saa mapema, kwa kuwa kundi la lugha yako likishashuka huna haki ya kudai likungoje.

Mwisho ni lifti. Ni ya kimgodi: vyumba vidogo vilivyopandana, giza, watu wamebanana bega kwa bega, upepo ukipiga kupitia nafasi za mlango. Anayeogopa mahali pafinyu atafurahia vyumba vyote vya chini kisha ashikwe na hofu hapo. Afadhali ajue mapema kwamba ni muda mfupi tu, aingie wa mwisho ili awe karibu na mlango, na ameze mate masikio yakiziba. Huweza kutokea mkapandishwa kwa shimo la Regis badala ya mlikoingilia. Mwenye begi kwenye makabati ya Daniłowicz atalazimika kutembea robo saa kulifuata, kwa hiyo aulize kabla ya kushuka ni mlango upi wanaotokea siku hiyo.

Ni mimi msomaji wa kurasa zenu za safari.