Mtoto wa mbwa akichafua sakafu, asipigwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua wa gazeti lako ili niwaambie wasomaji wenzangu, hasa waliochukua mtoto wa mbwa katika miezi hii ya baridi, kwamba desturi ya kumchapa au kumsugua pua kwenye mkojo wake kila anapochafua sakafu haimfundishi usafi hata kidogo. Inamfundisha kutuogopa. Nasema hivyo kwa sababu nami niliifanya, na najuta.

Huku Njombe, mwezi Juni na Julai, kuna asubuhi ambazo umande huganda juu ya majani. Mbwa wa wiki nane hawezi kuachwa peke yake katika banda la nje kwa baridi hiyo, kwa hiyo hata sisi ambao mbwa kwetu ni mlinzi wa uani tunalazimika kumlaza jikoni mpaka akomae kidogo. Wetu aliletwa jioni, akakojoa ndani mara tatu kabla ya usiku wa manane, na alfajiri nilipokanyaga kinyesi nikielekea kuwasha jiko, nilifuata ushauri niliousikia tangu utotoni: nikamshika shingo, nikamsugua pua pale pale na kumpiga kofi. Tangu siku hiyo hakuacha kukojoa ndani. Aliacha kukojoa mbele yangu. Tukawa tunaukuta mkojo nyuma ya gunia la mkaa, na kila niliposimama ghafla alijilaza chali, mkia ameufyata, akijikojolea tumboni.

Nikadhani anaumwa, nikampeleka kwa daktari wa mifugo. Alinieleza kwamba mbwa mchanga anayejikojolea mbele ya mtu aliyekasirika hana ugonjwa wala kiburi, bali hiyo ndiyo namna yake ya kunyenyekea kwa mkubwa, na kadiri mkubwa anavyozidi kufoka ndivyo mkojo unavyozidi kutoka. Alisema pia kwamba mbwa hawezi kuihusisha adhabu ya sasa na kinyesi alichokiacha saa mbili zilizopita. Macho yale ya kuinama, ambayo sisi huyaita macho ya mkosaji, ni hofu ya sauti na mkono wetu.

Tukumbuke na udogo wa kibofu chake. Kwa makadirio ya kawaida, mtoto wa mbwa huweza kujizuia saa moja hivi kwa kila mwezi wa umri wake, yaani wa miezi miwili hawezi kuzidisha sana saa mbili akiwa macho. Mtu anayemfungia saa tatu usiku na kumfungulia saa kumi na mbili asubuhi amemtaka avumilie saa tisa, kisha anashika fimbo akikuta sakafu imelowa. Mwanadamu wa umri huo tunamvika nepi.

Kinachosaidia ni kumtoa nje kabla haja haijamshika: mara anapoamka, anapomaliza kula, anapomaliza kucheza, na kabla ya kulala. Binti yangu wa darasa la tano alichukua penseli akawa anaandika kwenye kalenda ya ukutani kila saa mbwa alipokula na kila saa alipojisaidia, na siku ya nne tuliona wazi kwamba haja kubwa huja kama robo saa baada ya chakula. Usiku niliamka mara moja, saa saba, kwa wiki tatu. Ni kazi, sikatai, lakini ina mwisho.

Kuna jambo moja lililonishangaza kuliko yote, na naomba wanaouza au kugawa watoto wa mbwa walisome kwa makini. Tulikuwa tukimsimamisha kwenye nyasi dakika kumi nzima, ananusa tu na kutetemeka, kisha tukirudi ndani anakojoa hatua mbili kutoka mlangoni, juu ya saruji. Kumbe alikozaliwa walifungiwa stoo yenye sakafu ya saruji. Mtoto wa mbwa huanza kutoka mahali anapolala ili ajisaidie pembeni akiwa na wiki tatu hivi, na anapofikisha wiki nane au tisa miguu yake imekwisha kuzoea aina ya ardhi anayojisaidia juu yake. Kwake saruji ndiyo ilikuwa choo. Tulichukua tambara tulilofutia mkojo wake, tukaliweka chini ya mparachichi nyuma ya nyumba, na kila safari tukampeleka hapo hapo kwa njia ile ile. Siku ya pili alilinusa, akazunguka mara mbili, akachuchumaa. Alipomaliza, si kabla, binti akampa dagaa mmoja na kumsifu kwa sauti ya chini. Ndani nako, pale alipokuwa amezoea, tulipaosha kwa sabuni kisha tukapapangusa kwa siki, kwa maana harufu ikibaki humwita tena.

Ni vizuri mahali hapo pawe ndani ya ua wenu, si barabarani, mpaka amalize chanjo zake, kwa kuwa virusi vya parvo, ugonjwa wa kutapika na kuhara unaoua watoto wa mbwa, hukaa ardhini kwa miezi mingi. Na kinyesi kizolewe siku hiyo hiyo, kifukiwe mbali na bustani ya mboga. Watoto wengi wa mbwa huzaliwa na minyoo waliyoipata tumboni mwa mama yao, na mayai yake yakikaa kwenye udongo wiki mbili au tatu huwa tayari kumwambukiza mtoto wa binadamu anayechezea udongo na kutia vidole mdomoni. Kwa hiyo mbwa apewe dawa ya minyoo mapema, na arudiwe kama mtaalamu atakavyoelekeza.

Naandika haya kwa uchungu kwa sababu mwezi uliopita nilikuta watoto wawili wa mbwa ndani ya kiroba karibu na dampo, na mama mmoja aliyekuwa akipita akaniambia anakijua kisa: walikuwa wanachafua nyumba. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili kwa wanyama, lakini naamini mwenye nyumba ile hakuwahi kuelezwa na yeyote kwamba taabu ile ingekwisha baada ya miezi michache. Siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa watu hupanga foleni tangu asubuhi, kila mmoja na mbwa wake kwenye kamba. Nawaomba maofisa mifugo wetu watumie dakika tano za foleni hiyo kuwaeleza wenye mbwa wachanga saa za kuwatoa nje, na kuwakataza lile la kusugua pua.

Wako,
Msomaji wa siku nyingi,
Njombe